Mvua Tanga, Tope Helsinki

Vuli ya mwaka 2019 ilinikuta na ndoo saba. Nne za maji, mbili zilizowahi kuwa za rangi, na beseni moja la kuogeshea mtoto ambalo kwa heshima nililihesabu kama ndoo. Zote zilikaa sebuleni kwangu, hapa Tanga, zikikinga maji yaliyopenya kwenye matundu ya misumari ya bati. Kazi ya kuzimwaga nilimpa mjukuu wangu, aliyekuwa darasa la tatu, naye baada ya wiki mbili alikuwa anajua kwa sauti tu ndoo ipi inakaribia kujaa. Ikiwa tupu inalia ta, ta, ta. Ikijaa inalia dubwi.

Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Upande wa Handeni na Korogwe mafuriko yalisomba madaraja, magari yakalala njiani. Kenya, kule Pokot Magharibi, milima ilimeguka usiku wa Novemba ikafukia nyumba pamoja na waliolala ndani. Kwa kalenda vuli ilikuwa imekwisha, lakini ndoo zangu zilikuwa palepale mwezi Januari, siku mwanangu alipopiga simu ya video kutoka Helsinki.

Tukaamkiana, shikamoo, marahaba, kisha akageuza simu ili tumwone mtoto wake. Kijana wa miaka mitano, amevalishwa koti hadi anashindwa kushusha mikono, ameshika kibao chekundu cha kutelezea thelujini. Kibao kilinunuliwa Novemba, bado kinang'aa. Amesimama kwenye tope. Nyuma yake nyasi, miti mitupu, mvua ya rasharasha. Analia kwa ile kwikwi ya mtu aliyeahidiwa kitu.

"Babu," mjukuu wangu wa Tanga akauliza, "theluji yao imekwenda wapi?"

"Imeyeyuka, imekuja huku," nikasema, nikacheka peke yangu.

Yeye aliitazama ndoo iliyokuwa miguuni pake. "Kwa hiyo haya ni ya kwao?"

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, na swali kama hilo huwezi kulifukuza kwa mzaha. Maji yale hayakuwa ya kwao, bila shaka. Hakuna tone la theluji ya Helsinki lililosafiri hadi Tanga. Lakini kadiri nilivyosoma miezi iliyofuata, niligundua kwamba mtoto alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyojua, ila ameushika kwa nyuma. Hakuna kilichotoka kwao kuja kwetu. Kilitoka kwetu, kwenye bahari hii tunayoiona kutoka Raskazone, hapa Tanga, kikapanda juu kuliko ndege yoyote ya abiria, kikaenda kugusa majira ya baridi ya watu walio mbali.

Tuanze na bahari. Mtoto wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba upepo una majira: kaskazi ikivuma majahazi hushuka huku, kusi ikishika hurudi. Na kama upepo, joto la bahari nalo lina kuhama kwake. Kwa kawaida maji ya upande wa Sumatra na Java, kule Indonesia, huwa ya moto kuliko ya kwetu, na mvua nyingi hunyesha huko. Lakini ipo miaka mambo yanapogeuka kama pembea ya ubao: upande wa Indonesia unapoa, upande wetu unapata joto. Wanasayansi, Toshio Yamagata wa Japani akiwa mmoja wao, waliieleza pembea hiyo mwaka 1999 na kuiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 ubao uliinama kwetu kwa nguvu ambayo vipimo havijaiona mara nyingi. Australia, iliyobaki upande mkavu, iliwaka moto miezi kadhaa. Sisi tukapata ndoo saba.

Sasa fikiria sufuria ya maji jikoni. Maji yakichemka, mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unarudi kuwa matone. Umewahi kuungua na mvuke? Basi unajua kwamba mvuke unauma kuliko maji ya moto yenyewe, kwa sababu ukigusa ngozi yako unageuka maji na kukuachia joto lote uliloliiba kwenye moto. Wingu la mvua linafanya vilevile. Bahari ya moto inatoa mvuke, mvuke unapanda kilomita kumi na zaidi, na huko juu unapogeuka matone unaacha joto lake hewani. Tukiona mvua tunatazama maji yanayoanguka, tunasahau kwamba kila tone limeacha moto wake angani. Vuli ile, juu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, moto huo ulikuwa mkubwa ajabu.

Hewa iliyopashwa hivyo inasukuma hewa jirani, nayo inasukuma nyingine. Tupa jiwe kwenye bwawa uone. Tofauti ni kwamba bwawa lenyewe ni dunia inayozunguka, kwa hiyo mawimbi hayaendi duara duara. Yanapinda, yanaelekea kaskazini na mashariki, yakitengeneza matuta na mabonde ya upepo yenye upana wa maelfu ya kilomita. Yanaitwa mawimbi ya Rossby, kwa jina la Carl-Gustaf Rossby, Mswidi aliyehamia Marekani, ambaye aliyaandikia hesabu zake mwaka 1939. Wiki moja au mbili baada ya mvua kubwa ya tropiki, mawimbi yake yanakuwa yamekwisha kufika nchi za baridi.

Hapo njia inagawanyika. Mawimbi mengine hupita chini, ghorofa ile ile tunayoishi sisi, mawingu na ndege. Mengine hupanda ngazi. Na mimi ninayoipenda ni hadithi ya hayo yanayopanda.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, ghorofa ya chini ya hewa inaishia kiasi cha kilomita 17 juu. Panga Kilimanjaro tatu, moja juu ya kichwa cha nyingine, uko mlangoni. Ukivuka mlango huo unaingia stratosfia, ghorofa iendayo hadi kilomita 50 hivi. Hakuna mvua humo, na mawingu ni nadra mno. Hewa ni nyembamba: ukifika kilomita 30 imebaki kama sehemu moja katika mia ya hewa ya ufukweni. Na lipo jambo moja la kushangaza, ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniamini hadi waone mchoro: pale mlangoni, juu ya vichwa vyetu sisi watu wa joto, kuna baridi kali kuliko iliyopo kwa urefu huo juu ya Ulaya. Ni nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Tunatembea na kandambili chini ya mojawapo ya sehemu za baridi zaidi angani.

Niruhusuni nichepuke kidogo, kwa sababu ghorofa hiyo ina historia nyumbani kwetu. Mwaka 1883 mlima wa volkano wa Krakatoa ulilipuka kule Indonesia, na vumbi lake likaizunguka dunia kuelekea magharibi kwa muda wa wiki mbili hivi. Watu wakahitimisha: juu kabisa, kwenye ikweta, upepo unatoka mashariki, basi. Robo karne baadaye akaja Arthur Berson. Huyu alikuwa bwana wa hewa kwelikweli. Mwaka 1901 yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda na baluni kutoka Berlin hadi mita 10,800, ndani ya kikapu kilicho wazi, na wote wawili walizimia huko juu kabla ya kurudi salama. Mwaka 1908 Berson akaleta msafara Afrika Mashariki, enzi hizo Wajerumani wakiitawala Tanganyika, na kurusha baluni za vipimo juu ya Ziwa Victoria.

Sijui wavuvi wa Nyanza walisemaje walipoona mipira ile ikipaa. Berson mwenyewe alipata sababu ya kukuna kichwa, kwani baluni zilionyesha upepo unatoka magharibi, kinyume kabisa na vumbi la Krakatoa. Mwongo nani, volkano au baluni? Jibu lilichelewa nusu karne. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani na wa Uingereza, kila upande kivyake, walionyesha kwamba wote walisema kweli: upepo wa juu ya ikweta hugeuka, ukavuma kutoka mashariki mwaka na kitu, kisha kutoka magharibi, mzunguko mzima ukichukua miezi 28 hivi. Shikeni jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa twende kaskazini, tukacheze pia, ile ya kuzungusha kwa kamba.

Vijana wa leo sijui kama bado mnazichonga. Sisi tulichonga za mpera, tukazifunga kamba, tukazitupa. Pia nzuri ikipata kasi inasimama wima kama haizunguki. Ukiigusa kidogo haina habari. Ukiigusa tena na tena, kila mara upande uleule, inaanza kuyumba, inachora duara kubwa, mwisho inalala chini na kukimbilia uvunguni.

Majira ya baridi yanapoingia kaskazini, jua linaacha kuchomoza kwenye Ncha ya Dunia. Miezi mfululizo ni usiku. Hewa ya stratosfia juu ya ncha inapoa, na pembezoni mwa baridi hiyo unajengeka upepo mkali wa kutoka magharibi unaoizunguka ncha nzima, kilomita 20, 30, 40 juu. Hiyo ndiyo pia yetu. Upana wake ni maelfu ya kilomita, kasi yake ni ya kimbunga, na hakuna mtu chini anayeisikia. Kiangazi kikifika inatoweka, upepo unageuka kuwa wa mashariki, na mawimbi ya kutoka chini hayawezi kupanda kabisa. Ndiyo maana habari hii yote ni ya majira ya baridi tu. Wakati mwingine wa mwaka ngazi haipo.

Wakati ipo, si kila wimbi linaruhusiwa kupanda. Yanayofika juu ni yale mapana kuliko yote, yale ambayo moja au mawili yanatosha kuizunguka dunia nzima. Na kadiri yanavyopanda yanakua, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyembamba na nguvu ni ileile. Mmeliona wimbi la bahari likikaribia mwamba: huko kwenye kina lilikuwa tuta la upole, ngalawa inapanda na kushuka bila shida, lakini kina kikipungua linainua kichwa, linapauka, linavunjika. Mawimbi ya hewa nayo yanavunjika, ila mwamba wao uko kilomita thelathini angani. Yakivunjika yanaipunguza pia kasi. Hewa iliyokuwa inazunguka inakosa mwendo, inaporomokea katikati na kushuka juu ya ncha, na hewa inayoshuka inabanwa. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, utajua hewa iliyobanwa inafanya nini: inapata moto.

Mtu wa kwanza kuliona hilo alikuwa Richard Scherhag, wa Berlin. Katika miezi ya mwanzo ya 1952 baluni zilizorushwa kutoka uwanja wa ndege wa Tempelhof zilileta namba zilizoonekana kama makosa. Juu, kiasi cha kilomita 30, joto lilikuwa limeruka makumi ya nyuzi ndani ya siku chache, katikati ya majira ya baridi, jua likiwa hafifu. Scherhag hakuzitupa namba zile. Alizichapisha na kuliita jambo hilo joto la mlipuko. Leo linaitwa joto la ghafla la stratosfia, na hutokea kwa wastani kama mara sita katika kila miaka kumi. Siku pia inapoanguka kabisa, upepo wake hugeuka ukavuma kinyume.

Hapa ndipo wanafunzi hujikwaa. Juu kumepata joto, kwa nini basi chini watu wagande? Ni kwamba joto lile halishuki kuja kuwapasha watu. Kinachoshuka ni udhaifu wa upepo. Pia ikiwa na nguvu, upepo wa magharibi wa chini nao unanyooka na kwenda kasi, ukivuka Atlantiki na kuibebea Ulaya unyevu na uvuguvugu wa bahari. Pia ikianguka, udhaifu unateremka pole pole, tabaka kwa tabaka, wiki mbili au zaidi, na ukifika chini unaweza kukaa hata miezi miwili. Upepo wa magharibi unalegea, unasogea kusini, mlango wa Siberia unabaki wazi. Hali ni ileile ya kaskazi na kusi: ukitaka kujua utavaa nini, uliza upepo unatoka wapi.

Miaka mingine bahari za mbali huyaongezea nguvu mawimbi yanayoipiga pia. Wazazi wenu wanalikumbuka jina El Niño kwa mvua za 1997 na 1998, zilizoacha barabara za Kenya na Tanzania zikiwa mashimo. Ni wavuvi wa Peru waliolitoa. Maana yake ni mtoto mvulana, Mtoto Yesu, kwani maji ya moto huwafikia karibu na Krismasi. El Niño ni bahari ya Pasifiki kupata joto katikati na mashariki yake. Mvua zake huchochea mawimbi ambayo, yakifika karibu na Alaska, yanakuta mawimbi mengine yaliyopo kila mwaka, yaliyotengenezwa na milima mikubwa na tofauti ya joto kati ya bara na bahari.

Mmewahi kumsukuma mwenzenu kwenye bembea. Ukimsukuma wakati anaondoka, anapaa. Ukimsukuma wakati anarudi, unamsimamisha, na pengine unavunjika kidole. Mawimbi ya El Niño kwa kawaida husukuma wakati bembea inaondoka. Yanayaongezea nguvu yale ya kila mwaka, mengi zaidi yanapanda ngazi, pia inapigwa kuliko kawaida. Sarah Ineson na Adam Scaife, wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliyoko Exeter, walilionyesha hilo kwa kompyuta: kwamba El Niño inaifikia Ulaya kwa kupitia stratosfia, na kwamba baridi yake huuma hasa sehemu ya pili ya majira, baada ya Mwaka Mpya. Makala yao ilitoka mwanzoni mwa 2009.

Muda wake ulikuwa kama wa mchezo wa kuigiza. Mwishoni mwa mwaka huohuo El Niño ikaja. Upepo wa juu ya ikweta, ule wa Berson, nao ulikuwa umegeuka kuwa wa mashariki, na tangu 1980 ilijulikana kwamba ukiwa wa mashariki pia ya ncha huyumba kwa urahisi. Baridi ilianza Desemba. Januari 7, 2010, setilaiti ya NASA ilipiga picha ya kisiwa kizima cha Uingereza kikiwa cheupe toka juu hadi chini, kama kitambaa kilichoanikwa baharini. Picha hiyo ilipigwa kabla pia haijaanguka, kwa hiyo tusiipe stratosfia sifa zote. Lakini mwishoni mwa Januari pia ilianza kuyumba vibaya, Februari 9 upepo wake ukageuka, na baridi iliyodhaniwa inakwisha ikapata pumzi mpya. Waingereza hawakuwa wameona majira ya baridi makali kiasi hicho tangu 1978 na 1979.

Sasa nirudi kwenye tope la Helsinki, ambalo ni kinyume chake.

Mwishoni mwa 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia. Aliyekuwa akipiga ngoma ni Bahari ya Hindi. Mawimbi yake yalipofika kaskazini hayakusaidiana na yale ya kila mwaka; ngazi ilibaki karibu tupu. Pia ya majira yale haikupigwa. Ilizunguka Januari, Februari, Machi, inazidi kupata kasi, imesimama wima kwa ukaidi ambao katika miaka yote ya vipimo umeonekana mara chache sana. Mawimbi mengine ya Bahari ya Hindi yalipita chini, kwenye mkondo wa upepo wa Atlantiki moja kwa moja, nayo yakasukuma upande uleule. Upepo wa magharibi ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Matokeo yake hayakuhitaji hadubini. Ulaya ilipata majira ya baridi yenye joto kuliko yote yaliyopimwa, nyuzi 3.4 juu ya wastani wa miaka ya 1981 hadi 2010. Moscow walileta theluji ya kutengeneza kwa malori ili mji upendeze Mwaka Mpya. Ujerumani wana divai yao ya barafu, ambayo zabibu lazima zigande mzabibuni kwa nyuzi 7 chini ya sifuri ndipo zichumwe, usiku wa manane, watu wakiwa na taa vichwani. Mwaka huo wakulima walisubiri, wakasubiri, zabibu zikaoza. Uingereza ilipigwa na dhoruba wikiendi mbili mfululizo, na Februari ile ikawa yenye mvua nyingi kuliko Februari zote walizowahi kuziandika. Na huko juu, ndani ya pia ile iliyopoa kupita kiasi, ozoni juu ya Aktiki ililiwa Machi kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana upande wa kaskazini.

Watu wa Exeter walikuwa wameliona jambo hilo likija miezi kabla. Haukuwa ushirikina. Bahari ni nzito na haina haraka. Ikiisha kupata joto Oktoba, huwezi kuipoza Novemba. Na njia ya ghorofa ya juu ni ndefu, kwa hiyo mwenye kuitazama anapata muda. Walipochunguza baadaye kwa nini utabiri wao ulifanikiwa, walirudi hadi kwenye Dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani hadi kwenye maji ya mbele ya nyumba yangu. Tena maji hayo yanazidi kupata joto miaka hii, pembea iiname isiiname.

Yote hayo nilimweleza mjukuu kwa vipande, si siku moja, na kwa makosa mengi. Nilimchongea na pia moja ya kuzungusha. Aliizungusha juu ya meza, akaivunja glasi ya bibi yake, tukakubaliana kwamba majaribio ya sayansi yafanyike uani.

Vuli ya 2023 ndoo zilirudi. Safari hii El Niño na Dipoli zilikuja pamoja, mvua zikaanguka Oktoba hadi Desemba, mafuriko yakatanda kuanzia Somalia na Kenya hadi kwetu. Mjukuu alikuwa amekwisha kuwa kijana wa darasa la saba mwenye sauti inayokwaruza, na alikuwa na hamu moja tu: Helsinki itapata nini? Mwanzoni mwa Januari ikaja video. Mtoto yule wa tope, sasa ana miaka tisa, anateremka kilima kwa kasi, kibao ni kilekile chekundu, magoti yamepita ukingo. Theluji imejaa hadi kwenye kope zake. Kule kaskazini kabisa mwa nchi yao, Enontekiö, Januari 5 kipimajoto kilishuka hadi zaidi ya nyuzi 44 chini ya sifuri.

"Tumewapelekea!" mjukuu akapiga makofi. "Babu, tumewapelekea theluji!"

Nikamwambia angoje. Nilikuwa nafuatilia habari za pia kama wengine wanavyofuatilia ligi, na pia ilikuwa bado imesimama. Ilianguka Januari 16, siku kumi na moja baada ya baridi ile ya Enontekiö. Ikainuka, ikaanguka tena Machi. Baridi ya Januari 5 haikungoja ruhusa ya ghorofa ya juu. Hewa ya chini nayo ina vituko vyake, haina haja ya kutumwa na mtu.

Alinyamaza, akahesabu tarehe kwenye vidole kama anayekagua deni. Kisha akachukua simu na kumwandikia binamu yake. Nilichungulia begani kwake. Alikuwa ameandika: hiyo ya sasa si yetu, yetu labda inakuja, usikiweke kibao stoo.